Uchaguzi wa Makazi

Katika mambo ambayo mtu hudhani anayaamua kwa akili, na kumbe moyo umekwisha kuyaamua zamani, ununuzi wa nyumba una mahali pa mbele. Nguo ikibana huvuliwa, na chakula kisichopendeza huachwa sahanini. Lakini nyumba mtu akiisha kuinunua huingia ndani yake pamoja na mke, watoto, wazee na madeni yake, akafunga mlango. Kwa sababu hii naona si vibaya kueleza jinsi mimi na mke wangu tulivyochagua baina ya nyumba mbili za Mji Mkongwe wa Unguja. Sielezi ili nijisifu kuwa tulichagua vema. Hata leo, nipitapo katika uchochoro fulani wa Kiponda, mwendo wangu hupungua wenyewe, na moyo hulirudia shauri ambalo lilikatwa zamani.

Mwaka 2021 tulikuwa na akiba ya miaka 16 ya kazi ya ualimu, yangu na ya mke wangu, pamoja na fungu langu katika urithi wa marehemu baba. Tulikuwa na watoto wanne. Mama yangu, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kumkana, alikuwa karibu kuhamia kwetu kutoka kwa dada yangu aliyeko Pemba. Katika mwezi mmoja tuliletewa habari za nyumba mbili zinazouzwa, na fedha zetu zilitosha moja tu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kiponda. Ilikuwa na ghorofa mbili juu ya ile ya chini, vyumba tisa, ua wa ndani uliofunguka juu kwa mbingu, roshani ya mbao iliyotazama mtaani, na mlango wa nakshi ambao watu husimama kuutazama. Mtindo wake wote ulikuwa wa kale. Jiko lilikuwa chumba cheusi kwa moshi wa miaka mingi, choo kilikuwa mbali na vyumba vya kulala, na nyaya za umeme zilining'inia ukutani kama mizizi. Nyumba ya pili ilikuwa Malindi. Hii ilikuwa ya chini, yenye vyumba vitatu na sebule, na ua mdogo wa nyuma usiozidi ukubwa wa mikeka minne. Lakini mwaka uliotangulia ilikuwa imetengenezwa upya. Sakafu yake ilitandikwa vigae ving'aavyo, jiko na bafu vilikuwa vipya, na kuta zilikuwa nyeupe hata zikaumiza macho. Bei ya Malindi ilizidi bei ya Kiponda kwa sehemu moja katika tano. Asiyejua mambo ya nyumba atastaajabu kuona kidogo kikiuzwa ghali kuliko kikubwa. Walakini maana yake ni nyepesi: mwuzaji wa Malindi aliuza kazi iliyokwisha kufanywa, na wauzaji wa Kiponda waliuza kazi iliyokuwa ikingoja mtu wa kuifanya.

Nasema wauzaji kwa kuwa walikuwa warithi kumi na mmoja. Babu yao alipofariki, nyumba iligawanywa kwa faraidhi. Warithi wake walipofariki, mafungu yaligawanyika tena. Mmoja wao alikuwa na haki katika nyumba ile isiyofika upana wa chumba kimoja. Bati lilipotoboka, kila mmoja aliona kuwa kuliziba ni juu ya mwingine mwenye fungu kubwa zaidi, na mwenye fungu kubwa alikuwa ng'ambo ya bahari. Naamini majumba mengi ya mji wetu hayakuharibiwa na adui yeyote; yameharibiwa na wapenzi wengi ambao hakuna kati yao aliyepanda darini kutazama mvua inaingilia wapi.

Moyo wangu ulikuwa Kiponda tangu siku ya kwanza, na ni wajibu wangu kutaja sababu yake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa Serikali zikapangishwa, na jumba lililokuwa la familia moja likawa la familia tano au sita. Mimi nililelewa katika jumba la namna hiyo, katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu. Marehemu baba alikuwa mpangaji hata siku ya kufa kwake. Jioni alikuwa akitushika mikono mimi na dada yangu, akatupitisha mbele ya milango mikubwa na kutueleza nakshi zake: hili yungiyungi, huu mnyororo, hizi njumu za shaba. Alikuwa akisema kuwa ipo siku atakuwa na mlango wa kwake. Siku ile haikuja. Niliposimama mbele ya mlango wa Kiponda nikiwa na fedha benki, nilihisi kuwa mkono wa baba u juu ya bega langu.

Mke wangu hakuwa na mkono begani mwake, kwa hiyo aliona vizuri zaidi. Tulipopanda ngazi alikuwa akihesabu kimya kimya, na tulipofika juu alisema, "Mume wangu, wewe wahesabu vyumba, mimi nahesabu vidato. Ni thelathini na viwili. Maji ya mama, chakula chake na nguo zake vitapanda kila siku kwa mikono ya nani?" Nilimjibu kuwa mama angeweza kukaa chini. Akanitazama bila kusema neno, maana sote wawili tulikuwa tumekiona chumba cha chini. Katika majumba haya ghorofa ya chini aghalabu ilikuwa ya duka au ghala, na watu waliishi juu wapate upepo na sitara. Chumba kile kilikuwa na giza mchana, na ukuta wake ulikuwa na unyevu hata urefu wa kifua.

Ili msomaji apate kuelewa yaliyofuata, sharti niseme kidogo juu ya namna nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake hufika nusu mita na zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na chokaa kuwa sakafu ya ghorofa ifuatayo. Mkoko hautoi boriti ndefu ya kutegemewa. Kwa hiyo upana wa chumba haupiti sana mita 3, hata kama urefu wake ni mara tatu ya hapo. Boriti hizo zilipakiwa majahazini kutoka Rufiji na Lamu zikauzwa mpaka nchi za Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vikapata wembamba uleule. Mti uliokulia katika matope ya kwetu uliamua upana wa chumba cha mtu ambaye hakupata kuuona ukiwa na majani.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi. Chokaa nayo haiyazuii maji hayo. Huyaacha yatoke polepole kwa hewa. Ukuta wa chokaa wapaswa kuhudumiwa kila baada ya miaka michache, lakini ukihudumiwa waweza kuishi umri wa vizazi vingi. Saruji ni ngumu na huleta uzuri wa haraka, ila haina subira hiyo. Ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe huyafungia maji ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya muda lipu huvimba, hupasuka, na kuanguka pamoja na ngozi ya jiwe.

Mambo haya nilikuwa nimeyasoma. Mwenye kuyajua kwa mikono yake alikuwa fundi mmoja mzee tuliyemwomba azikague nyumba zote mbili. Alipofika Kiponda hakuutazama mlango wa nakshi hata kidogo. Aliomba ngazi akapanda juu kabisa. Aliona mabati yaliyoliwa na kutu na mfereji wa maji uliozibwa na majani, naye akafuata kwa macho njia ya maji mpaka kichwani mwa ukuta. Kisha alitoa kisu akakichoma katika ncha ya boriti mahali inapoingia ukutani. Kisu kilizama mpaka mpinini kama kilichochomwa katika boga lililopikwa. Boriti nne za ghorofa ya juu zilikuwa hivyo. Nyingine zote zilikikataa kisu, zikatoa mlio wa chuma. Aliposhuka alisema, "Mwalimu, nyumba hii haifi kwa uzee. Inakufa kwa maji mengi na chokaa kidogo."

Tulikwenda Malindi siku hiyohiyo. Hapa fundi hakuhitaji ngazi wala kisu. Alitembea kando ya ukuta mweupe akigonga kwa kifundo cha kidole, nasi tukamfuata tukisikiliza. Mahali fulani ukuta ulijibu kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Hatua mbili mbele ukajibu kama ngoma. Lipu ya saruji ilikuwa imeanza kuachana na jiwe. Fundi alitabasamu kwa huzuni akasema, "Huyu ni mgonjwa yuleyule, ila amevishwa kanzu ya Idi."

Nilifurahi kusikia maneno hayo, na furaha yangu haikuwa njema. Nilidhani kuwa Malindi imeshindwa. Ikiwa nyumba zote mbili ni gonjwa, na moja yaonyesha ugonjwa wake na nyingine yauficha, basi ipi ina heshima zaidi? Nani atoe fedha nyingi anunue vyumba vitatu na udanganyifu, aache vyumba tisa na ukweli? Nilikuwa nikiyapanga maneno haya vizuri kinywani wakati mke wangu alipomwuliza fundi, "Basi, mzee wangu, tofauti yao ni nini?" Fundi alifikiri kidogo, akajibu, "Tofauti yao, mwanangu, ni kimo cha ngazi. Huyu wa hapa mnaweza kumfikia wenyewe."

Kwa siku kadhaa jibu hilo lilinikera. Nilikaa na kalamu na karatasi nikijaribu kulishinda kwa hesabu. Tukinunua Kiponda, baki ya fedha zetu ingetosha mabati, mfereji na boriti nne. Nyaya za umeme, choo, jiko, roshani na chumba cha mama vingengoja mishahara yetu. Nilipogawa gharama kwa mishahara nilipata miaka 12, nami nilikuwa nimeisahau mvua, ambayo huja na madai yake katika masika na tena katika vuli bila kuuliza kama mshahara umetoka. Tena Mji Mkongwe una kanuni zake, na kwa haki. Tangu mwaka 1985 kuna mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza, na mwaka 2000 mji uliandikwa katika Urithi wa Dunia; atakaye kubadili ukuta au dirisha sharti aombe ruhusa. Sikuweza kuziba nyumba ya Kiponda kwa vipande vya bei nafuu hata kama ningetaka.

Na wakati ule kumbukumbu ya Beit al-Ajaib ilikuwa mbichi. Jumba lile lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ambalo kila mtoto wa Unguja hudhani litasimama mpaka Kiyama, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Nilikwenda kutazama kifusi pamoja na mwanangu wa kwanza. Aliniuliza kama watu hawakulipenda jumba lile. Nilimwambia kuwa walilipenda sana. Akanyamaza, na sikuweza kumwongezea neno, kwa kuwa jibu langu lilikuwa limeniingia mwenyewe. Nyumba ya mawe hailindwi kwa mapenzi. Hulindwa kwa chokaa, na chokaa sharti ifike mahali palipopasuka kabla ya mvua kufika.

Hata hivyo sikuacha. Mama alipowasili nilimpeleka Kiponda nikitumaini kuwa atanisaidia. Hakupanda. Alikaa barazani akiwa ameweka fimbo yake katikati ya magoti, akaukunja uso kuutazama mlango, naye aliutazama kwa muda mrefu. Nilimweleza habari ya vyumba, ya wapwa wangu watakaokuja kusoma mjini wakapata pa kulala, ya wageni, na ya sherehe zitakazofanyika uani. Kisha nikamwambia ukweli kuhusu ngazi na magoti yake. Akanijibu, "Mwanangu, msininunulie nyumba ya kufia. Mimi ni mgeni wa siku chache. Tazameni watoto."

Nikamgeukia mke wangu kwa ushindi. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Aliendelea kuutazama mlango, akasema kwa sauti ya chini kama mtu azungumzaye na aliyemo ndani, "Baba yako alikuwa na jumba kichwani mwake. Mimi nilikuwa na mabeseni chini ya dari."

Maneno hayo yalinirudisha usiku wa masika katika vyumba vyetu viwili. Niliyakumbuka mabeseni yale, na sufuria, na ndoo, kila kimoja na sauti yake chini ya tone lake. Nilikumbuka pia jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kulifikiri: kwamba aliyeamka usiku kuyamwaga alikuwa mama, na kwamba baba, ambaye alijua jina la kila ua katika milango ya watu, hakupata hata mara moja kupanda kuziba tundu lililokuwa juu ya kitanda chetu. Simlaumu. Nyumba haikuwa yake, na mwenye ndoto kubwa huona aibu kushughulika na tundu dogo. Lakini nilielewa kuwa mkono niliouhisi begani ulikuwa ukinisukuma kuelekea kwenye mabeseni.

Tulinunua Malindi. Tulimweleza mwuzaji habari ya lipu, akapunguza bei kidogo, tukahamia kabla ya vuli. Katika masika ya pili ukuta wa sebule ulivimba kama alivyotabiri fundi. Kiangazi kilipofika tulibandua saruji yote ya ukuta ule, mimi na watoto wangu, tukauacha jiwe tupu ukauke kwa miezi mingi, jambo ambalo liliwapa jirani zetu sababu ya kutuhurumia. Kisha fundi akaja kutufundisha. Tulipiga chokaa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lilidai muda wake. Ngazi tuliyotumia ni ile ya kuchumia maembe. Sasa kuta mbili zimekwisha, na mwanangu wa pili agongapo ukuta hutambua kwa sikio mahali palipo tupu.

Sitaki msomaji afikiri kuwa hatukupoteza kitu. Mpwa wangu amekuja kusoma chuoni, naye hulala sebuleni; hukunja godoro lake kabla ya alfajiri ili tupate njia, na hakuna siku nimtazamapo akilikunja nisione haya. Mpwa wa pili tulilazimika kumwambia atafute mahali pengine, na dada yangu alikaa miezi miwili bila kunipigia simu. Harusi ya binti yetu, Mungu akitujalia kuifikia, itafanyika nyumbani kwa watu. Kwa desturi zetu mwenye nyumba isiyoweza kupokea jamaa ni nusu ya mwenye nyumba, na mimi ndiye huyo nusu. Mke wangu mwenyewe, ambaye hakuwahi kutaka Kiponda, alisema siku moja akiwa katikati ya kelele za watoto kuwa angetoa vigae vyote apate chumba kimoja chenye mlango wa kufunga.

Nyumba ya Kiponda ilinunuliwa na mtu mwenye uwezo, ikawa nyumba ya kulaza watalii. Kazi iliyofanyika ni njema, lazima niseme haki. Paa ni jipya, chokaa ni chokaa ya kweli, na njumu za mlango zinang'aa kuliko nilivyopata kuziona. Imeokoka. Lakini hakuna mtoto atakayezaliwa mle, wala maiti atakayetolewa kwa mlango ule, na wenyeji wa mtaa wamepungukiwa na jirani mmoja. Kila mmoja wetu aliyefanya hesabu kama yangu, akapata jibu kama langu, amechangia katika mabadiliko hayo. Sijui jibu jingine ambalo mwalimu angelipata. Lakini uaminifu wanitaka nisijihesabu miongoni mwa watu walioangalia tu. Majuzi nilisimama pale nikiufuata mnyororo wa nakshi kwa kidole, kama baba alivyonifundisha, na kijana aliyekuwa akilinda mlango akaniuliza kwa adabu kama nina shida yoyote. Nikamwambia napita tu.

Kwa vijana ambao siku moja watasimama baina ya nyumba mbili nina neno moja. Watu watawashauri mpime vyumba, bei, umri wa nyumba na upya wake, na yote hayo yana faida. Pimeni pia ngazi mliyo nayo. Upya wa nyumba hupita kama ulivyopita ukale wake, na kila ukuta siku moja utaomba mkono. Aliye na ngazi ndefu na achukue jumba, tena achukue kwa haraka kabla mvua haijamtangulia, maana majumba yetu yanamhitaji. Asiye nayo asione fedheha kuchukua kile anachoweza kukifikia.

Mama yungali nasi. Chumba chake kiko karibu na mlango, na asubuhi hutoka kukaa barazani bila msaada wa mtu, akawaamkia wapitao. Ukuta wa chumba chake ndio wa tatu. Umeanza kutoa mlio wa ngoma karibu na dirisha, naye amekwisha kuniuliza mara mbili kiangazi kinaanza lini.